Miche Elfu Sita ya Tebeswet

Siku ya nne Inspekta Ombati aliacha kutafuta nyayo, akapiga magoti kwenye tope na kutia mkono wake udongoni.

Koti lake la mvua lilikuwa zito, na pindo lilizama matopeni, lakini hakulijali. Mbele yake kulikuwa na matuta ishirini, kila moja na urefu wa hatua nane, yameshuka kwenda mtoni kama ngazi. Kwa miaka mitatu wanawake ishirini wa mteremko wa Tebeswet, nje kidogo ya soko la Kiptere, walikuwa wakilea hapo miche ya chai. Mbegu walipewa na halmashauri ya wilaya, na mwalimu wa kuwafundisha walipewa na halmashauri. Miche elfu sita. Alhamisi alfajiri mlinzi aliiacha yote imesimama. Ijumaa saa moja asubuhi karani wa halmashauri alifika, akakuta matuta matupu.

Siku hizo mche wa chai ulikaa kitaluni miaka miwili au mitatu mpaka ukafika kifuani. Mvua za masika zikianza, ulikatwa ukabaki kimo cha kiganja, kisha ukang'olewa na mzizi wake mrefu. Kiliitwa kisiki. Ukikitazama ungedhani ni kijiti cha kuwashia moto, lakini ukikipanda vizuri kitakulisha wewe na watoto wako na wajukuu.

Ombati alichimbua kwa vidole. Udongo ulikuwa laini, umerudishwa mahali pake na kupigwapigwa juu kwa kiganja, kama mama anavyopiga unga kwenye debe usimwagike. Juu ya udongo yalikuwa yamelazwa majani na matawi yaliyokatwa, ili jua lisiukaushe. Akaokota tawi moja, akalitazama mahali lilipokatwa. Lilikatwa mara moja tu, kwa mshazari, safi. Akaokota la pili. La tatu. Akaokota mpaka akachoka, na hakuna hata moja lililochanika.

"Kiptanui," alisema bila kuinuka. "Wewe ukienda kuiba viazi vya mtu, unafukia mashimo?"

Konstebo Kiptanui alikuwa amesimama pembeni, mtu mzima mwenye masharubu mazuri, mzaliwa wa Tebeswet hiyo hiyo. "Mimi siibi, afande."

"Najua huibi. Nauliza ungefanyaje."

"Ningekimbia."

"Basi huyu hakukimbia."

Akahamia tuta la pili, kisha la tatu. Ndipo akaona jambo ambalo siku ya kwanza lilimpita kabisa. Kwenye tuta la kwanza matawi yalilazwa yote vichwa vyake vikielekea mtoni. Kwenye la pili yalilazwa kukingama. Kwenye la tatu yalipangwa mawili mawili, kama mtu anayesuka mkeka. Tuta la saba lilifagiliwa pembeni. Tuta la kumi na mbili lilikuwa limetiwa samadi kidogo, kana kwamba mwenyewe ana nia ya kupanda tena wiki ijayo. Alitembea matuta yote ishirini, polepole, na kila tuta lilikuwa na mkono wake.

Alisimama chini kabisa, karibu na maji, akayatazama yote kwa pamoja. Alikuwa polisi mwaka wa kumi na sita. Alikwisha kuona wizi wa ng'ombe, wa baiskeli, wa kengele ya kanisa. Hakuwahi kuona wizi ulioacha mahali pakiwa pazuri kuliko mwanzo.

Akaandika katika daftari lake dogo: *Watu ishirini. Kila mtu tuta lake. Walifundishwa.* Kisha akapiga mstari juu ya kurasa mbili zilizotangulia, zile za gari la maksai. Alama za magurudumu pale mtoni zilimpotezea Jumamosi nzima, akazifuata mpaka Sondu kwa mzee mmoja muuza vyungu, Obiero. Obiero alimwacha ashushe vyungu vyote mwenyewe, kimoja kimoja, na avipandishe tena mwenyewe, huku akimwonya taratibu, "Bwana mkubwa, hicho kimeshanunuliwa." Chini ya vyungu kulikuwa na nyasi tu. Na aliporudi Kericho jioni akakuta wakubwa wake wamekwisha kumtia ndani Elmina, yule mwalimu wa halmashauri, kwa maneno ya karani. Alhamisi alionekana kitaluni na baiskeli yake. Mkasi wake wa kupogolea ulikuwa na utomvu mbichi. Tena ni mtu wa kutoka Kisii, alisema karani, na huko nako watu wanapanda chai.

Kesi ilikuwa Jumatano. Leo ni Jumatatu. Kama miche haitaonekana, Elmina atapoteza kazi na kwenda jela, na halmashauri haitathubutu tena kuwapa wanawake hata mche mmoja.

*

Karani aliitwa Hezekiah. Ofisi yake pale Kiptere ilikuwa ya mabati, imepakwa chokaa nyeupe, na mezani kulikuwa na muhuri, kidau cha wino na sahani yenye nusu mkate. Alikuwa mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, na alimkaribisha inspekta kwa chai ya maziwa.

Ombati alikunywa chai yote kwanza. Kisha akamwomba amweleze tena habari za Ijumaa, na Hezekiah akaeleza vile vile kama alivyokwisha kueleza, neno kwa neno. Aliulizwa siku ya kugawa miche ilikuwa lini. Akasema Jumanne ya wiki ijayo. Aliulizwa ingebebwa na nini. Akasema na wanawake wenyewe, mgongoni, kama wanavyobeba kuni.

"Sasa lori la Ijumaa lilikuja kubeba nini?"

Hezekiah alichukua kalamu moja, akaifuta ncha kwa karatasi. "Mbolea."

"Ya kuleta au ya kupeleka?"

"Ya kuleta."

"Dereva anasema lilikuja tupu. Lilikuwa na vibarua wanne na majembe."

Karani akairudisha kalamu mfukoni. Nje mvua ilianza kupiga mabati, kwa hiyo ilibidi Ombati asogeze kiti karibu. Alimkumbusha kwamba mlinzi Ratemo alipewa ruhusa ya siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, kwenda mnada wa ng'ombe Sondu, na mnada wenyewe ni wa siku moja. Akamwambia pia kwamba jana, akipita njia ya juu, ameona ekari mbili kwa shemeji yake Hezekiah zimechimbwa mashimo ya chai, yamepangwa vizuri kwa kamba, yanajaa maji ya mvua. Hakuna hata mche mmoja.

"Mtu anachimba mashimo elfu sita kabla ya kupata miche," alisema Ombati. "Ana imani kubwa huyo."

Hezekiah alisogeza muhuri wake, akaupanga sambamba na kidau. Aliposema, alisema kwa upole, kama anayemwelewesha mgeni. "Bwana inspekta, chai ni ya watu wenye shamba. Hawa ni wanawake. Watapanda wapi? Juu ya paa? Na wewe ujiangalie. Mwalimu ni wa kwenu. Watu watasema."

"Wacha waseme," Ombati alijibu, akavaa kofia yake.

Ndani ya Landrova alikaa bila kumwambia dereva aondoe gari. Hezekiah alikuwa mwizi, hilo halikuwa na shaka tena. Lakini alikuwa mwizi aliyechelewa. Alimwondoa mlinzi ili lori lipite Ijumaa, na kwa kumwondoa akaacha Alhamisi nzima wazi, siku ambayo wanaume wote wa mteremko wako mnadani. Mtu aliuona mlango huo akaingia kabla yake. Watu ishirini, kila mmoja visiki mia tatu, kukata, kung'oa, kufukia, kusafisha na kubeba, mchana kweupe kati ya asubuhi na saa za kurudi ng'ombe. Na mpaka leo hakuna aliyesema neno.

*

Kituoni Kericho Elmina alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, mgongo wima, viatu vyake vimepangwa chini sambamba. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane, binti ya mzee Nyaberi. Aliajiriwa na halmashauri kuwafundisha akina mama kulea watoto, kushona na, katika mteremko ule mmoja tu, kulea chai.

Ombati alimwuliza kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwao, ili askari wa mlangoni asikie kila neno. Je, Alhamisi alikuwa kitaluni? Alikuwa. Hakuwahi kukana. Aliulizwa tu kama ameiba, akasema hapana, na wakaishia hapo.

"Miche iko wapi?"

"Imepandwa."

"Wapi?"

Elmina alimtazama, akapima. "Inspekta, nikikwambia leo, kesho lori litakwenda huko. Kisiki cha chai ukikitikisa kabla hakijashika, hakikusamehe. Kinataka wiki mbili. Niache hapa tu."

"Jumatano ni kortini."

"Jumatano kitakuwa na siku sita. Wakinipa mwezi mmoja ndani, kitakuwa kimetoa jani."

Alisema hivyo bila kujisifu, kama mtu anayesema nguo zitakauka saa ngapi. Ombati alijikuta ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama aliye kanisani. Alikuwa amewaona wafungwa wakihesabu siku zao ukutani kwa mkaa. Huyu alihesabu zake kwa mizizi.

Polepole akamtoa maneno mengine. Jumatano iliyopita Hezekiah aliwaita wanawake akawaambia azimio la halmashauri limefutwa, miche sasa itakwenda kwa wenye nambari za kuuzia chai kiwandani, na wenye nambari wote ni wanaume. Waende nyumbani, wamefanya kazi nzuri, halmashauri inawashukuru. Hawakulia. Walikwenda nyumbani. Kesho yake alfajiri mmoja wao alikuja kugonga mlango wa mwalimu, akamwambia njoo usimame tu.

"Usimame tu?"

"Nisimame nitazame. Nilisimama. Mkasi wangu ulipita mkono kwa mkono."

Kutoka kituoni mpaka ofisi kuu ya halmashauri ni mwendo wa kupanda kilima kidogo. Ombati alikwenda kwa miguu. Mpiga taipu aliyeitwa Marcella alimtolea vitabu vya kumbukumbu za mikutano, vitabu vinne vikubwa vya jalada jekundu, na bila kuambiwa akavuta kiti akamsaidia kusoma. Azimio walilipata katika mkutano wa mwaka 1965. Lilikuwa refu kidogo, na Ombati alilinakili lote:

*Wanawake ishirini watakaotunza kitalu cha Tebeswet kwa miaka mitatu, kila mmoja atang'oa miche mia tatu kwa mkono wake mwenyewe, wakati wa masika, mbele ya mwalimu wa halmashauri, na kuipanda katika ardhi anayoilima yeye. Nambari ya kuuzia itaandikwa kwa jina lake.*

Wakafungua kurasa zote zilizofuata, mkutano kwa mkutano, mpaka wa mwezi uliopita. Marcella alipitisha kidole chake chini ya kila kichwa cha habari. Azimio halikufutwa. Halikutajwa tena popote.

Ombati alilisoma mara ya tatu. *Mbele ya mwalimu wa halmashauri.* Lile lile ambalo karani alilileta polisi kama ushahidi wa wizi, kwamba mwalimu alikuwapo, ndilo lililoufanya usiwe wizi. Karani angelisoma karatasi yake mwenyewe, asingelitaja hata kidogo.

Lakini azimio bila miche ni karatasi. Hakimu atauliza iko wapi, imepandwa na nani, katika ardhi gani. Na anayejua ameamua kunyamaza.

*

Saa tisa mvua ilikatika. Ombati na Kiptanui walipanda Tebeswet kwa miguu, maana njia ilikuwa imegeuka utelezi. Kiptanui alikuwa na orodha ya nyumba ishirini, na mbele ya kila nyumba aliandika idadi ya mashamba aliyopekua. Kazi hiyo aliifanya Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa akarudia nyingine. Alikuwa askari mwaminifu. Alipekua mpaka mabanda ya ndama.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama Tecla, mwenyekiti wa kikundi. Mume wake, mzee Chepyegon, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni na redio yake ya betri. Ombati alimwamkia, akaitazama orodha.

"Hapa umeandika mashamba mawili."

"Ndiyo, afande. La mahindi lile pale, na la malisho kule chini."

"Na lile nyuma ya nyumba?"

Kiptanui alitazama upande mwingine. "Lile si shamba."

"Naona kumelimwa. Naona maboga."

"Hiyo ni kabungut, afande."

Ombati alingoja. Kiptanui akajikuna shingo, akaanza kueleza kwa shida, kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanateremka. Kila mke wa Mkipsigis ana kipande chake. Shamba la mahindi ni la mzee, ng'ombe ni wa mzee, lakini kabungut ni ya mama. Anapanda anachotaka, anavuna anapotaka, anampa anayetaka. Mwanamume haingii. Haulizi kumepandwa nini. Akipita karibu hata hatazami, maana kutazama ni kama kufungua chungu cha mtu jikoni.

"Umepita hapa mara ngapi tangu Ijumaa?"

"Mara tatu. Nne."

"Na hukutazama."

"Sikutazama, afande."

"Nilikutuma upekue kila shamba."

"Nilipekua kila shamba," alisema Kiptanui, na hakuwa akisema uongo.

Ombati alimgeukia mzee Chepyegon, akamwuliza nyuma ya nyumba mkewe amepanda nini mwaka huu. Mzee alipunguza sauti ya redio. "Wewe unaniuliza mimi? Hapo sijakanyaga tangu nimwoe. Nilimwoa kabla ya vita ya Hitla."

Mama Tecla mwenyewe alitokea jikoni akifuta mikono kwenye leso. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mvi chache, na hakuonekana kuogopa wala kushangaa. Ombati alimwita mama, akamwomba ruhusa ya kuingia kabungut yake. Alisema yeye ni mtu wa Kisii, hajui mila, na akikosea asamehewe.

Tecla alimtazama kwa makini. "Unaingia kama polisi au kama mgeni?"

"Ukinikubalia, kama mgeni."

"Basi ingia. Kanyaga katikati ya mistari."

Kulikuwa na maboga, kulikuwa na isagek, zile mboga chungu ambazo Ombati alizijua tangu utoto kwa jina la chinsaga. Na kati ya maboga na mboga, yamechomekwa ardhini moja moja, kulikuwa na majani ya kangaga, yale mapana ya msituni, yakiinamia chini kama mtu anayefunika mtoto kwa shuka. Ombati alichuchumaa, akasogeza jani moja.

Chini yake kilisimama kijiti kimo cha kiganja, kimekatwa kwa mshazari, safi. Udongo umekizunguka kwa duara. Akasogeza jani la pili. La tatu. Mistari ilifuata mkunjo wa kilima sawasawa, imepimwa kwa kamba, na kamba yenyewe ilikuwa bado imefungwa kwenye mti pembeni.

Aliposimama, alikuwa sasa juu ya kilima, na mawingu yameachia. Mteremko wote wa Tebeswet ulikuwa wazi mbele yake. Aliona nyumba moja, na nyuma yake kipande cha rangi ya kahawia, rangi ya kangaga iliyokauka. Aliona nyumba nyingine na kipande kingine. Akaanza kuhesabu, akafika tisa, akafika kumi na nne, vingine kule chini karibu na mto, vingine vimening'inia mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Siku nne alikuwa akiviona kutoka barabarani. Lori la halmashauri lilivipita. Karani alivipita akienda kanisani na mke wake. Miche elfu sita ilikuwa imesimama mbele ya macho ya wilaya nzima, na hakuna kufuli, hakuna mlinzi, hakuna ua hata wa miiba. Ilifichwa na heshima tu.

Alivua kofia yake, na upepo wa jioni ukamkuta hivyo.

"Ni ndogo," alisema Tecla nyuma yake, kama anayeomba radhi. "Tulitamani kila mtu apate mahali pazuri zaidi. Lakini hapa ndipo petu."

"Mlibebaje, mama?"

"Na kuni. Visiki chini, kuni juu. Safari moja moja. Karani tulimkuta njiani saa sita, akatuambia poleni na mzigo."

Hapo Kiptanui alicheka, akajizuia kwa mkono.

Ombati alitoa karatasi zake za maelezo, akamwuliza Tecla swali moja tu, akaandika jibu lake kama lilivyotoka: *Nimeng'oa miche yangu kwa mkono wangu, mwalimu akinitazama. Nimeipanda katika ardhi ninayoilima mimi.* Akamsomea azimio, neno kwa neno. Tecla alisikiliza mpaka mwisho, akaomba asomewe tena pale panaposema jina.

"Nambari ya kuuzia itaandikwa kwa jina lake."

"Jina la nani?"

"Lako, mama. Tecla."

Alikwenda akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, akawa anaitazama mikono yake.

Walikwenda nyumba kwa nyumba. Kila mahali Ombati aliomba ruhusa, na kila mahali alipewa. Wanawake hawakuwa wamepatana maneno, lakini maneno yalifanana, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa moja. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikuwa amepanda mia tatu zake akiwa ameketi, akijisogeza. Mwingine hakuona vizuri, akapanda kwa kupapasa, na mistari yake ilikuwa mizuri kuliko yote. Waume wengine walisimama mbali na kusikiliza wake zao wakitoa maelezo kwa polisi, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaoona nyumba yao ina chumba wasichokijua.

Maelezo kumi na tisa yalipokwisha kutiwa alama za vidole, Ombati aliyafunga kwa uzi pamoja na nakala ya azimio. Akaandika barua fupi kwa mkuu wa kituo. Hakuna wizi uliotendeka. Mwalimu Elmina afunguliwe jioni hii hii na aletwe na gari mpaka kwake. Na Hezekiah, karani wa Kiptere, aitwe kesho asubuhi aeleze habari za lori na mashimo. Mtoto mmoja akashuka nayo akikimbia mpaka kwa dereva aliyengoja na Landrova barabarani.

Ilibaki nyumba moja. Ombati aliitazama orodha, kisha akamtazama konstebo wake.

"Namba ishirini. Rael."

"Ndiyo, afande."

"Mke wako."

"Ndiyo, afande. Kwangu nilipekua kwanza kabisa, Ijumaa, ili watu wasiseme napendelea."

"Ulipekua nini?"

"Zizi, ghala, shamba la mahindi." Sauti yake ilikuwa ikipungua. "Chini ya kitanda."

Nyumba ya Kiptanui ilikuwa karibu na njia. Rael alikuwa nje akichambua mboga, mwanamke mrefu mwenye macho ya kucheka. Alipowaona hakuinuka. Mume wake alisimama mahali ambapo ua wa nyumba uliishia na kabungut ikaanza, hatua ishirini tu kutoka mezani alipokula ugali wake usiku wa Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi, na jana. Kangaga zilikuwa pale. Zilimfika magotini.

Ombati alimpa daftari. "Maelezo ya huyu utachukua wewe. Na miche uihesabu."

"Afande, mimi si mgeni. Wewe ni mgeni. Mimi…"

"Omba ruhusa."

Midomo ya Kiptanui ilitafuta maneno ambayo hakuna mwanamume wa ukoo wake aliyewahi kuyatumia. Mwishowe akasema kwa Kipsigis, taratibu sana, na Rael akaacha mboga zake, akamtazama kuanzia kofia mpaka miguuni.

"Vua hizo buti," alisema.

Akaketi chini akazifungua. Akazivua, akazipanga pembeni, akakunja suruali ya serikali mpaka magotini. Kisha akaingia, unyayo kwa unyayo, katikati ya mistari, akiinama kusogeza kila jani na kulirudisha alivyolikuta. Alihesabu kwa sauti, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mtu mwingine. Ombati hakumharakisha. Jua lilikuwa limeshika kilima cha ng'ambo alipofika mwisho wa mstari wa mwisho.

"Mia tatu," alisema Kiptanui, na hakuondoka. Alikuwa amesimama pale, miguu mitupu, mikono imening'inia, akivitazama vile vijiti kana kwamba vitasema.

"Sasa toka," Rael alimwambia. "Polepole."